Shimo la Nyuma ya Zizi

Studenec, 9 Septemba 1971

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje tangu uvune zabibu? Sisi ni wazima, ila Milka wetu mdogo tumbo halijapoa tangu Agosti. Watoto saba wa hapa wanaumwa vilevile. Nachemsha kila tone, lakini mtoto wa miaka miwili humlindi kila dakika, na bomba liko uani. Maji ni ya chemchemi ileile ninayoipima kazini. Kila mvua kubwa ikinyesha huko juu kwenu, huku yanatoka ya manjano na yananuka.

Baba, nakuuliza bila kukulaumu: shimo la nyuma ya zizi, bado mnatupia mizoga? Nimekutumia kopo la unga wa rangi. Mvua kubwa ikija, lifungue ulimwage humo. Usilifungue kabla, linachafua kila kitu. Sisi kazini tutaichungulia chemchemi, tuone kama rangi itatokea huku.

Halafu, kile kisagio cha kahawa cha mama, ulisema ulimpa nani? Ningependa Milka arithi kitu cha somo yake.

Ni mimi mwanao,
Nevenka

Suhodol, 20 Septemba 1971

Mwanangu Nevenka,

Marahaba. Mgongo ni wa mzee, unataka usemeje? Mbusu mjukuu wangu, mpe supu ya shayiri, aachane na madawa.

Kopo limefika. Lakini mama, kutoka hapa mpaka Studenec ni mwendo wa saa nne kwa miguu, na mlima mzima uko katikati! Babu yangu alitupa humo, baba yangu alitupa humo, na shimo halijajaa. Udongo wetu ni kiganja kimoja juu ya jiwe. Ng'ombe akifa nimzike wapi, kitandani? Maji yetu sisi ni mvua ya paa, tunayakinga tangini na hatuumwi. Ya kwenu ni ya kwenu. Tangu lini jiwe likavuja kama tenga? Ulipokuwa mdogo uliniuliza shimo lile lilichimbwa na nani, nikakwambia ni shetani aliyekuwa na haraka. Jibu langu ni lilelile.

Kisagio niliwapa akina mama wa kanisani. Zamani hizo.

Baba yako,
Zorko

Studenec, 28 Septemba 1971

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Milka leo amekula kidogo, namshukuru Mungu.

Huyo shetani wako hakuwa na haraka hata chembe. Sikiliza. Mshumaa unapozimika ghalani divai ikichacha, si unajua kuna hewa nzito inayouzima? Hewa hiyohiyo hutoka kwenye mizizi na majani yanayooza. Mvua inapopenya udongo inaibeba, nayo maji yanapata ukali kidogo. Ukali huo unalila jiwe letu la chokaa. Unaanza kwenye ufa mwembamba kama unywele. Ufa unaopitisha maji mengi kuliko wenzake ndio unaoliwa zaidi, na ukiliwa zaidi unapitisha mengi zaidi. Mwenye nacho huongezewa! Ipe kazi hiyo maelfu ya miaka, utapata pango la kuingia kanisa zima. Kisha mto unagundua njia ya chini zaidi, unashuka, na ukumbi wa juu unabaki mkavu. Watu husema Suhodol haina mto. Unao, baba. Uko chini ya viatu vyako.

Na mto wa namna hiyo hauchuji kitu. Mchanga huchuja, udongo huchuja. Huku ni mifereji mitupu: kiingiacho juu hutoka chini vilevile.

Usiponiamini mimi, mwagia siki kizingiti chako cha jiwe uone linavyoliwa.

Mwanao,
Nevenka

Suhodol, 18 Oktoba 1971

Mwanangu,

Marahaba. Kizingiti kimetoa mapovu kama mbwa mwenye kichaa! Nimeharibu siki nzuri ya kabichi kwa ajili yako, na jirani Ludvik amenikuta nimepiga magoti mlangoni akadhani nimeokoka.

Mvua kubwa ilikuja juzi. Unga wako nimeumwaga kama ulivyotaka. Maji yakawa mekundu kama divai yetu ya teran, yakazama. Haya, itazameni hiyo chemchemi yenu. Msipoona kitu, mtafute mwingine wa kumsingizia.

Paja la nguruwe nimelitundika likauke mapema mwaka huu, burja, ule upepo wetu mkavu wa baridi, umeanza vizuri. La kwenu nimelitenga.

Baba yako,
Zorko

Studenec, 6 Novemba 1971

Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha Milka. Alilazwa hospitali siku nne, jana tumerudi. Amekonda mpaka soksi zinamvuka.

Tumeiangalia chemchemi siku kumi na sita. Haikuja rangi hata ya dawa. Wenzangu walitaka kuandika kwamba shimo la Suhodol halihusiki, nikawaomba wasubiri kidogo.

Baba, unga ule ni mwekundu ukiwa mkavu, ndani ya kopo. Ukigusa maji tu unakuwa kijani kama jani changa. Hakuna mtu aliyewahi kuyaona maji yake mekundu.

Sijamwambia yeyote. Sina hasira na wewe, nina uchungu tu. Umenilea miaka ishirini na sijawahi kukuona ukiogopa kitu, hata vita. Sasa niambie, unaogopa nini ndani ya shimo lile?

Mwanao,
Nevenka

Suhodol, 12 Novemba 1971

Nevenka mwanangu,

Leo usinisalimu, sistahili shikamoo yako.

Nilisimama mdomoni mwa shimo na kopo mkononi, nikalifungua, nikaona wekundu wake, nikalifunga. Nilikudanganya. Julai ng'ombe wetu Liska alikufa kwa ugonjwa, nikamwambia daktari wa mifugo nimemzika. Yuko humo. Lakini hilo si lote. Hilo ningelisema.

Nilijua mkithibitisha tu, watu watashuka na kamba, na watakikuta kisagio cha mama yako. Sikumpa mtu yeyote. Siku ya nne baada ya mazishi yake, mke wa Ludvik alikuja kunisaidia jikoni. Mimi nilikuwa bado kitandani. Nikasikia kisagio kinasaga, ile krr-krr yake ya kila asubuhi, na kwa kitambo kidogo nikafurahi. Unaelewa? Nikafurahi. Nikaenda jikoni nikamkuta mwanamke mwingine. Nilimnyang'anya mkononi, masikini, nikaenda kukitupa shimoni. Mpaka jioni nilikuwa nimeshajuta, na nimejuta miaka tisa. Mume gani anatupa kitu cha mkono wa mkewe walikotupwa ng'ombe? Niliona aibu kukwambia.

Na kwa aibu hiyo nimekaribia kumzika na mtoto aliyebeba jina lake. Nisamehe.

Leo mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimeumwaga wote, Ludvik ni shahidi. Ni kijani, haki ya Mungu ni kijani! Upepo umenirudishia nusu kiganja, sasa mikono, ndevu na suruali vyote ni kijani. Ludvik ananiita chura.

Baba yako,
Zorko

SIMU YA MAANDISHI, Studenec, 17 Novemba 1971

IMEFIKA. BOMBA LA UANI KIJANI. MAJI YANALETWA KWA GARI. MILKA ANAKULA. NIMEKUSAMEHE. SHIKAMOO CHURA. NEVENKA

Studenec, 3 Aprili 1972

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo vipi baada ya kuvuta kamba siku tatu kama kijana? Magunia sitini na mawili ya uchafu tumetoa shimoni! Tangu wiki ile ya usafi tumepata mvua kubwa mbili, na chemchemi imetoka nyeupe. Milka amenenepa, sasa anamtukana paka.

Mwanamume aliyeleta barua hii amekuletea na sanduku. Kaa kwanza ndipo ulifungue.

Nilikiona siku ya pili, nikishuka kwa kamba. Hakikufika chini kwenye uchafu, baba. Kilinasa kwenye ukingo wa mwamba, mita tisa tu kutoka juu, pembeni, chini ya tone. Nilikificha kifuani. Sikutaka ukipokee mbele ya watu wote wale.

Utaona ni cheupe. Maji yaliyolila jiwe huko juu hayaendi nalo mbali. Yakifika kwenye uwazi wa pango ile hewa inayatoka, na jiwe lililoyeyuka linabaki pale tone linapoangukia, utando juu ya utando. Miaka tisa imekivisha ganda jembamba kama la yai. Ulidhani umekitupa, kumbe kilikuwa kinavishwa.

Ganda hilo siki inaliondoa. Kama unataka kuliondoa.

Mwanao,
Nevenka

Suhodol, 9 Aprili 1972

Mwanangu Nevenka,

Marahaba, marahaba mara mia.

Niliketi kama ulivyosema. Siku mbili kilikaa mezani mbele yangu, nikila jota yangu ya maharage na kabichi tunatazamana. Nimelia, sikufichi. Ludvik aliingia, akakiona, akavua kofia akatoka.

Jana nikachukua siki na kitambaa. Nimesafisha mkono wake tu na meno ya ndani. Kiwiliwili nimekiacha na nguo yake nyeupe. Kwanza kiligoma, kisha kikazunguka. Nikasaga shayiri kidogo. Krr-krr. Ni sauti yake, Nevenka, haikubadilika. Nimekwenda kumwomba radhi mke wa Ludvik, amesema amesahau, lakini hajasahau.

Jumapili nileteeni mtoto. Nitamkalisha mezani, nimshikie kisagio kisiteleze, na mkono azungushe mwenyewe mpaka achoke. Mwambie asiogope babu, safari hii sitamnyang'anya.

Baba yako,
Zorko