Vidole Juu ya Bakora

Makongeni, Thika

Kaka Musembi,

Wavinya wangu ametoa albamu, na gazeti limeweka picha yake nusu ukurasa, gitaa kifuani, jina la baba yetu limeandikwa bila kukosewa. Nimenunua nakala nyingi za hilo gazeti hadi muuzaji akaniuliza kama nafungia nyama.

Sasa naweza kukusalimu. Hamjambo huko Matuu? Mguu wa wifi Mwongeli umepona, na mvua imewafikia? Sisi hapa tu wazima. Magoti yangu yanalia, lakini hayo ni ya umri, hayana habari mpya. Usishtuke kuona barua siku hizi za simu. Kwa simu, kila nikifika kwenye neno gitaa, wewe husema neti inapotea. Karatasi haina neti. Mwangangi wa lori la maembe atakupa mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka akuone umevaa miwani.

Wacha nijivunie kidogo, barua ni yangu. Unakumbuka ulipokuwa ukiishi kwetu, Jumamosi unapiga benga kwenye ile hoteli ya karibu na stendi, na siku zingine unafanya mazoezi sebuleni kwangu. Huyu mtoto hakuwa amejua kusema vizuri, lakini ukinyamazisha gitaa analia. Halafu ukaokoka. Ukaipeleka gitaa mbele ya kanisa ikachomwa pamoja na kanda zako na ile suruali pana ya densi, na sisi wote tukasema haleluya. Wavinya hakusema. Alitafuta galoni ya mafuta ya kupikia, akaifunga waya za breki za baiskeli, akaanza upya pale ulipoachia.

Tulimpeleka chuo hapa hapa Thika asomee umeme. Alichotoa huko ni kujua kutengeneza amplifaya. Alipoacha masomo ulikuja ukasimama mlangoni kwangu, hata chai hukunywa, ukamwambia kwamba nyuzi hizo zitamkatikia mkononi na hatapata wa kumfungia. Kisha ukavaa kofia ukaenda zako. Tangu siku hiyo mnasalimiana kwenye mazishi tu.

Basi akaenda Ruiru, akaanza kupiga kwenye uwanja wa nyama choma. Wateja walitaka mugithi, zile nyimbo za Kikuyu za kuchezea, yeye akawapigia bluzi ya roki. Aliniambia wa kwanza kumpigia makofi alikuwa mchoma nyama, na nyama ikaungua. Hapo ndipo alipompata Ngigi, kijana wa ngoma, anayezipiga kama mtu anayefukuza nyani shambani. Najua utauliza hiyo bluzi ya roki ni kitu gani. Mimi nilimuuliza pia. Nilivyoelewa ni kama wimbo wa kumlilia mtu, halafu katikati unakumbuka alivyokukosea, unakasirika, kisha unarudi kulia. Hata mimi niliye mtu wa kwaya nikikaa nao kidogo unaniingia.

Kutoka Ruiru alikwenda Nairobi, kutoka Nairobi Kampala, na mwaka jana akaitwa Norwe kwa watu wa theluji. Kuna mzee mzima wa kizungu, mvi kichwa chote, alisimama akalia. Video ninayo. Nimemwonyesha mchungaji, nikamwonyesha daktari wa macho alipokuwa ananipima. Sasa ana nyumba Kahawa Sukari, anafundisha watoto wa watu gitaa, na bado akija kwangu anaosha vyombo bila kuambiwa.

Lakini kaka, maneno yako hayajamtoka. Uzi ukimkatikia jukwaani anacheka na watu, anafunga mwingine, anaendelea. Akifika nyumbani anakaa na ule uliokatika, anauviringa kidoleni. Nilimwambia ni chuma tu, hukatika hata kwa wazungu. Akanijibu kwamba chuma anakijua, ni neno la mjomba asilojua kulifungua. Wewe ni mtu wa kanisa, lakini ni Mkamba pia. Unajua neno la mjomba halitolewi na mama wala na mchungaji. Hutolewa na mdomo uliolisema, kwa maji yanayotemwa na mdomo huo huo.

Ndiyo maana nimepanga uzinduzi, na nimeupanga kama tunavyojua sisi wa kanisa: hema, viti, maombi ya kufungua, kwaya ya akina mama, pilau, halafu mgeni wa heshima aishike albamu mbele ya watu na kuibariki. Wavinya alipoona ratiba alishika kichwa. Alisema watu wa roki hawaanzi na neno la shukrani kutoka kwa mwenyekiti. Jirani yangu Naliaka, ambaye ndiye mwenyekiti, akamjibu kwamba basi wataanza kuanzia mwaka huu. Wavinya akacheka akakubali yote, ila alitaka kujua mgeni wa heshima ni nani. Nilipomwambia ni wewe, aliniambia jambo ambalo sikulijua, na ndilo limenifanya nishike kalamu.

Unakumbuka tulipomzika mama kule Matuu. Wewe ulikaa mstari wa mbele, bakora yako katikati ya magoti. Mimi nililia, sikuona kitu. Wavinya alikuwa amekaa upande wako wa kushoto, nyuma kidogo. Anasema mhubiri alipoanza, vidole vyako vya kushoto vilianza kutembea juu ya ile bakora. Vilishika, vikaachia, vikapanda, vikashuka. Alidhani ni baridi ya mikono. Halafu akaona ni wimbo. Alivisoma, kaka, kimoja kimoja, kama mimi ninavyosoma zaburi kwa kidole. Usiku ule alirudi akaupiga, na ni wimbo ambao hakuna mtu duniani aliyewahi kuusikia.

Huo ndio wimbo wa mwisho kwenye albamu. Ameandika kwamba umetungwa na Musembi wa Matuu. Mzee yule wa Norwe alilia kwa ajili ya huo, si mwingine.

Lakini haujaisha. Jeneza lilipoanza kushuka ulisimama ukaishika bakora kwa mikono miwili, na Wavinya hakuona tena. Kwenye albamu unakatikia hapo, watu wanadhani ni ufundi. Yeye anasema hawezi kuumalizia, si wake. Siku ya uzinduzi ataweka kiti jukwaani na gitaa juu yake. Hutalazimishwa kuigusa. Ukitaka kuleta bakora yako peke yake, na maji kikombeni, yeye atasoma.

Msalimie wifi, mwambie ni yeye nimemwekea kiti cha mbele. Wasalimie wa kanisani, na wanaoning'ung'unikia pia. Mwangangi atarudi na lori tupu, atawabeba ninyi na yeyote wa ukoo anayetaka kuja.

Ni Ruiru, kwenye uwanja ule ule wa nyama choma, Jumamosi inayofuata Jamhuri Dei.

Dada yako, mama yake Wavinya,
Kanini