Maua Makavu ya Mama

Shoga, uko hapo? Usipige simu, siwezi kuongea. Soma tu.

Nimekata maua ya mama. Yale ya chini ya dirisha lake. Si unajua yalivyokauka tangu tulipomzika? Leo nikasema ngoja nifanye kama alivyonifundisha mwenyewe: yakimaliza kuchanua, kata mashina, acha urefu wa shubiri moja tu juu ya udongo, yachipue upya. Nikachukua mkasi wake, nikakata yote. YOTE, shoga! Na najisifu kabisa, eti baba akirudi atafurahi.

Baba karudi. Kasimama pale na mkate wake mkononi. "Nani kakata?"

Nikamwambia ni mimi baba, usijali, ndivyo mama alivyokuwa anafanya kila msimu, wiki tatu tu utaona majani mapya.

Hata hakufoka. Akasema polepole, "Hayo mapya hatayaona. Haya aliyaona."

Haya aliyaona! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miezi miwili mama kalala kitandani anayatazama dirishani, na mimi wala sikuwaza.

Nikamwomba msamaha. Akaenda kwenye pipa la taka nilikoyatupa, mzee wa watu na magoti yake yale, akaanza kuyaokota moja moja.

Sasa hivi nimechungulia chumbani kwao. Ameyapanga kwenye glasi, meza ya upande wa mama. Makavu vile vile, shoga.

Na ameyatilia maji.