Mke Mwenza wa Bandani

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena kaamkia bandani. Chai nimemtengea, imepoa mpaka imefanya utando. Mimi niliolewa na fundi wa magari, sikuolewa na rubani! Lakini ndiyo hivyo. Mwanamume kastaafu, kajiundia ndege kwa mikono yake, mbao na mabomba na injini ya kuungaunga, na tangu hapo nina mke mwenza asiyepika wala kufua. Mke mwenza mwenye mabawa.

Na mabawa yenyewe nimeyashona mimi. Hilo watu hawalisemi. Wanakuja, wanapiga picha, "mzee kaunda ndege, mzee kaunda ndege." Kile kitambaa kimekamata mbavu za bawa kwa uzi wangu wa nta, fundo baada ya fundo, mpaka vidole vikaota sugu. Mzee kaunda mifupa. Ngozi ni yangu.

Ila nililotaka kuandika si hilo. Nimemwona akipima petroli. Ndege yetu haina geji. Kifuniko cha tangi kina tundu, tunduni umepita waya, na huko chini waya umechomekwa kwenye kizibo kinachoelea. Tangi likijaa, waya unasimama mrefu. Likipungua, unazama. Rubani anautazama pale mbele ya kioo, basi.

Leo hakuutazama. Kaushika. Kaupapasa kwa kidole kama mtu anayetafuta swichi chumba kikiwa giza.

Nikarudi jikoni kupasha chai.

Jumanne, 4 Machi

Mkaguzi kaja na ukaguzi wake wa mwaka. Kavuta nyaya, kachungulia injini, kapiga matairi teke. Nikamvizia mlangoni: na macho ya mwenye ndege, hayo anakagua nani? Akacheka. Eti yeye anakagua ndege tu, bibi, rubani ana daktari wake.

Daktari! Kule anaambiwa asome herufi za ukutani. Mzee anakaa foleni karibu na mlango, anawasikiliza wenzake wakizisoma, akiingia anaziimba kama mtoto wa chekechea. Kanisimulia mwenyewe, tena kwa majivuno. Na juzi kalifokea pipa la maji, kadhani ni jirani kamzibia njia.

Mkaguzi kanywa chai, kapiga muhuri, kaenda zake.

Alhamisi, 6 Machi

Karuka. Peke yake, mzunguko mmoja juu ya mashamba. Nilikuwa uani naanika nguo. Ule mfuko wa upepo kule mwisho wa uwanja — nao nimeushona mimi, rangi ya chungwa, kipofu tu ndiye asiyeuona — ulikuwa umejaa, unaonyesha wazi upepo unakokwenda. Yeye katua upepo ukimsukuma mgongoni, badala ya kuukabili! Ndege ikakimbia, ikakimbia, ikamaliza nyasi zilizofyekwa, ikaingia kwenye magugu, ikasimama pua ikinusa seng'enge.

Kashuka anajipangusa suruali. "Breki zimelegea." Breki! Nikautazama waya. Umezama mpaka kichwa kimelala kwenye kifuniko. Nikamuuliza, mafuta vipi?

"Tele."

Hapo nikamwambia, bila kuzungusha. Baba watoto, wewe huoni. Kanijibu kwamba ndege hii nimeionea wivu tangu ikiwa mbao. Kwamba macho yake yako mikononi. Nikamwambia basi kesho avae miwani kwenye vidole. Hatukula pamoja.

Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu kapiga simu. Wanakuja kesho, yeye na binti yake, yule mjukuu wangu aliyemaliza uuguzi. Jumapili babu yake atamrusha, zawadi ya kufaulu. Nikasema, baba yako haoni.

"Mama nawe! Baba anaijua ile ndege nje ndani. Usimvunje moyo mzee, ndiyo inayompa uzima."

Eti. Mimi ninayempikia na kumtafutia soksi simpi uzima. Uzima anapewa na petroli.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika. Mjukuu kanunua hadi kitambaa cha kufunga kichwa huko juu. Kanikumbatia. "Bibi, nitakupungia!" Nikamwambia nenda kaoge, unanuka safari. Ningemwambia nini kingine? Mtoto anang'aa.

Nyumba hii ina desturi moja. Ndege haibebi mtu wa pili mpaka nipite mimi chini ya mabawa, nigonge kila mstari wa mshono, niseme "imeshika." Aliyeiweka ni mzee mwenyewe. Jioni kaja kuniita kwa adabu kabisa. "Mama watoto, njoo utoe neno."

Nikapita. Nikagonga. Mshono umekazana, unalia kama ngoma. Nikanyooka, nikasema mbele yao wote: haijashika.

Mzee akapitisha kiganja kwenye bawa, akaguna, akacheka. "Imeshika hii. Kaninunia tu." Mwanangu naye akacheka. Neno langu la miaka yote hiyo! Wamelicheka palepale bandani, na mjukuu akacheka kwa kufuata wakubwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimekata.

Walipokaa kunywa chai nikachukua mkasi, nikaenda. Mwanzo nilitaka nyuzi mbili tatu tu, kistaarabu. Mkono ukasita wenyewe. Nikikata kidogo hataona! Ataruka nayo hivyohivyo, na mtoto kamkalisha nyuma, na muuaji nitakuwa mimi. Basi nikakata kama mwendawazimu. Bawa la kushoto lote, kutoka shinani mpaka nchani, kitambaa kinaning'inia hadi sakafuni, mbavu ziko nje. Kazi yangu mwenyewe. Sikulia. Uongo — nililia.

Wakaja. Mwanangu kapiga ukelele, "Mama, umerukwa na akili?" Mjukuu kaziba mdomo. Mzee kaingia nyuma yao, kaja mpaka mbele ya bawa, ungemsukuma kidogo angeliangukia. Kasimama pale, uso kaelekeza kulekule, anauliza:

"Kuna nini? Mbona kelele?"

Mwanangu akamtazama baba yake. Akalitazama bawa. Akamtazama tena.

Mzee akanyoosha mkono, akakuta mbavu tupu. Akapapasa, akafuata mpasuko mpaka mwisho wake. Hakunifokea. Heri angenifokea! "Leteni sindano na uzi," kasema. "Tunashona. Mchana tunaruka."

Hakutikisika mtu. Nikaondoka, nikaja kukaa huku jikoni. Mlango wa banda uko wazi, namwona. Kakaa juu ya ndoo, chini ya bawa, kajichukulia sindano mwenyewe kwenye kopo langu la kushonea. Analamba uzi, anaupeleka kwenye tundu, unapita pembeni. Analamba tena. Unapita pembeni. Wale wawili wamesimama naye, mjukuu kakivua kitambaa cha kichwa anakikunjakunja, na hakuna anayethubutu kumpokea ile sindano.

Sasa ananiita. "Mama watoto! Njoo unitungie uzi." Sauti si ya kuamrisha. Sijaitika. Ananiita tena, sindano kaiinua, kaielekeza upande nisiokuwepo. Naweka kalamu.