Spidi ya Mwezi wa Pili

Jumatatu, mwezi wa sita, Nyalikungu hapa Maswa. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo unatoka upande wa kiwanda cha pamba, kwa hiyo kila kitu dukani kina manyoya meupe. Printa ina manyoya. Chai yangu ina manyoya. Nimekaa nyuma ya kaunta kama kuku anayeatamia mayai mabovu.

Wanaonisoma humu wananijua. Mimi ndiye Masele, mwenye steshenari yenye rangi ya machungwa, mtu aliyefika Kahama, Mwanza, Kariakoo, na Nairobi siku mbili (ya pili niliibiwa viatu, lakini nilifika). Shule niliishia kidato cha pili. Hata hivyo watu wananiita Injinia, na sijawahi kumkatalia mtu.

Leo sina mzaha mwingi. Nitajaribu, maana nikiandika bila mzaha mkono unakauka.

Kuna jambo nimelifanya.

Nianze mwezi wa pili, ndipo kosa lilipozaliwa. Mtandao wangu wa zamani ulikuwa kile kimodem cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta. Mteja akija kuomba chuo, anafika na chakula chake. Nikasema basi, dunia imefunguliwa, kampuni zimejaa, kila moja inakuja na mabango na fulana za bure, kwa nini mimi niteseke kama enzi za simu ya kuzungusha? Nikaamua kutafuta mtandao wenye spidi kuliko wote wilayani.

Njia zilikuwa tatu. Kulikuwa na dishi la setilaiti, wakala wake yuko Mwanza. Bei yake ukiisikia unakaa chini kwanza. Kulikuwa na antena ya kufunga juu ya bati, inaelekezwa kwenye mnara wa kampuni moja ndogo kilimani. Na kulikuwa na ruta ya laini ya simu, ile unayoweka mezani, inawasha taa za bluu, mambo kwisha.

Fundi wa antena alitoka Bariadi, dada mmoja anaitwa Neema, mwembamba, ana kofia ngumu na maneno machache. Alipanda kwenye bati langu, akashuka, akaniambia, "Kaka Masele, hii ni mwendo wa baiskeli. Ila ni baiskeli hiyohiyo masika na kiangazi."

"Baiskeli, dada?" nikamwambia mbele ya watu. "Mimi nimepanda lifti ya ghorofa kumi na mbili, uniletee baiskeli?"

Watu wakacheka. Nawajua wanapocheka, na ninapenda sana.

Nikapanga mashindano. Nilikodi ruta tatu za kampuni tatu, nikazipanga kaunta kama majogoo, nikawaita mashabiki. Kila nilipobonyeza kipimo cha spidi, mshale ulikuwa unaruka. Ruta moja iliwaacha wenzake mbali mpaka mzee wa duka la mbolea akapiga mbinja. Nilipima asubuhi, nikapima mchana, nikapima wiki nzima. Video ya harusi ya Nairobi ilicheza bila kukata hata mara moja. Neema alikuwa bado yupo mjini siku ya mwisho, akapita kuchukua ngazi yake.

"Unapima mwezi wa pili," akasema. "Watu wako wapi mwezi wa pili?"

Nikamjibu kwamba watu siwahitaji, nahitaji spidi, na ile ruta iliyoshinda nikainunua.

Yeyote aliyezaliwa huku anajua watu wako wapi mwezi wa pili. Wako mashambani. Wanapalilia pamba na mahindi toka alfajiri, simu wameziacha nyumbani zimezimwa kutunza chaji. Mji mzima unabaki na sisi wenye maduka na mbuzi wawili wa mama muuza vitumbua. Mnara mzima wa simu nilikuwa nautumia karibu peke yangu, kama mtu anayesifia upana wa barabara saa ambayo hakuna gari.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Nimebeba pamba kichwani kabla sijajua kuandika jina langu. Nikasahau kwamba kuna msimu.

Sasa Limbu.

Limbu ni nkoi wangu, rafiki wa damu. Sisi wawili tulianza shule tumeshachunga ng'ombe mpaka tumechoka. Darasa la kwanza tulikuwa warefu kuliko mwalimu wa zamu. Mimi hesabu zilinishinda, yeye akawa ananiandikia. Nilipoacha shule kufuata machimbo Kahama, yeye aliendelea, akirudia, akisimama mwaka kulima ili apate karo, akiendelea tena. Alipata cheti cha ualimu akiwa na watoto wawili. Ajira haikuja. Miaka sita sasa anajitolea kwenye shule ya msingi kijijini kwao, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka hapa. Wazazi wanamchangia mahindi. Anafundisha darasa la tano na la sita, hesabu na sayansi, na watoto wake wanafaulu.

Tangazo la ajira lilitoka mwezi uliopita. Maombi yote ni kwa mtandao. Umri usizidi miaka arobaini na tano.

Limbu anapita umri huo mwezi wa nane.

Kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Siyo ya mwisho kwa mwaka huu. Ya mwisho.

Vyeti vyake vilichelewa kugongwa mhuri wa wakili, akavipata Jumatatu iliyopita. Dirisha lilikuwa linafungwa Alhamisi saa kumi jioni. Alipita hapa Jumanne asubuhi, ana bahasha yake kifuani ndani ya shati, akaniambia anataka kwenda Shinyanga, kuna shemeji yake anafanya kazi ofisini, atamsaidia kutuma.

Niliona wivu. Ndiyo, niandike tu. Niliona wivu na shemeji wa Shinyanga.

"Nkoi," nikamwambia, "unakwenda kuomba moto kwa jirani, na mimi hapa nimewasha jiko? Niachie vyeti. Nenda kafundishe watoto. Bure, sitaki hata shilingi. Nitatuma Alhamisi nikiwa nimetulia, kwa spidi ambayo huyo shemeji hajawahi kuiota."

Akaangalia zile taa za bluu za ruta. Akaangalia uso wangu. Akatoa bahasha kifuani.

Kwa nini nilisema Alhamisi? Kwa sababu Jumanne na Jumatano nilikuwa na kadi za harusi za kuchapa. Hivyo tu. Sina sababu nyingine, nimeitafuta siku nne.

Alhamisi ilikuwa siku ya malipo ya pamba. Siku hizi mkulima halipwi mkononi, hela inaingia kwenye simu. Kufika saa tatu asubuhi mji ulikuwa umefurika. Mabaiskeli, matrekta, wake na waume na vikongwe, kila mmoja na simu mkononi imewashwa, wanaangalia salio, wanapigia ndugu, wanatoa, wanatuma, wanaangalia tena. Wanunuzi wa mitaani nao, madereva wa malori nao, wauza vitenge nao. Wote tumening'inia kwenye mnara mmoja kama ndama ishirini kwenye chuchu moja.

Nilifungua ukurasa wa maombi saa nne. Taa za ruta zilikuwa za bluu, nzuri, zinametameta. Ukurasa ulikuja nusu. Jina la Limbu niliandika mara tisa. Saa saba nilifika sehemu ya kupandisha vyeti. Kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka.

Niliweka laini nyingine, ya kampuni nyingine. Nikapanda kwenye bati na ruta kichwani, watu wakidhani ni utani wangu wa kawaida, wananipigia makofi. Saa tisa nikachukua bodaboda, kompyuta mapajani, tukatoka kwa kasi barabara ya Shinyanga mpaka nyuma ya maghala, mbali na umati. Pale chini ya jua, kompyuta juu ya tangi la pikipiki, cheti cha kwanza kikapanda. Cha pili kikapanda. Vilikuwa vinne. Mwendesha bodaboda alikuwa anasoma sala kwa sauti, sikumwomba.

Cha tatu kilifika nusu. Halafu pakatokea maandishi kwamba muda wa kupokea maombi umekwisha.

Nilirudi dukani. Sikumbuki njia. Nakumbuka kwamba duka lilikuwa limejaa wateja na mzee wa mbolea akaniuliza kama nimekimbiwa na mke.

Na Limbu akaingia. Alikuwa ametoka shule moja kwa moja, chaki kwenye mkono wa shati, anahema. Hakusema hata mwadila, salamu yetu ya jioni. Alisema tu, "Nkoi, imeenda?"

Watu wote wakageuka wakaniangalia. Wale waliocheka mwezi wa pili, karibu wote walikuwepo.

Nikasema, "Imeenda kama risasi."

Wakashangilia. Limbu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia kwa muda. Mimi niligeuza kioo cha kompyuta kwa kiwiko.

Nimedanganya wengi maishani. Nimeuza saa Kahama nikisema ya Uswisi. Lakini zile zilikuwa za kula.

Ijumaa nilijiambia nitamwambia Jumamosi. Jumamosi nilijiambia labda majina yatatoka na lake litakuwemo kwa miujiza, vyeti viwili na nusu, nani anajua. Mtu aliyeishia kidato cha pili bado anajua kwamba nusu ya cheti si cheti.

Jana Jumapili nilikwenda kanisani. Wakati wa shukrani Limbu akasimama. Siyo msemaji, mnamjua. Alisema anamshukuru Mungu kwa nafasi aliyopewa kuomba kabla umri haujamtupa, na anamshukuru nkoi wake Masele, aliyekataa hata kupokea senti. Kanisa zima likapiga makofi na mama mmoja wa kwaya akapiga vigelegele. Aliyekaa kushoto kwangu akanipiga bega. Nilitoa tabasamu. Hilo tabasamu nimeliona akilini usiku kucha na sitaki kuliona tena.

Leo asubuhi nilifunga duka, nikapanda baiskeli. Yangu mwenyewe, sikutaka bodaboda wala mtu wa kuzungumza naye. Nilimkuta saa ya mapumziko, amekaa kwenye tofali nje ya darasa, anasahihisha madaftari juu ya goti.

"Mwangaluka, Injinia," akanisalimu. "Umekuja kukagua shule?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani, yenye mnara na msimu na siku ya malipo. Haikutoka.

"Haikuenda," nikasema.

Kalamu yake nyekundu ilisimama kwenye daftari. Ikaacha doa.

"Haikuenda nini?"

"Alhamisi. Vilipanda viwili. Nilikudanganya kwa sababu watu walikuwa wengi."

Nilitegemea anipige. Namjua mkono wake tangu machungani, ningeupokea. Alifunga lile daftari, akalifungua tena, akamalizia alama za yule mtoto, saba kwa kumi. Ndipo akaniangalia.

"Jumanne nilikuwa na nauli ya Shinyanga mfukoni," akasema. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja kitu kwenye orodha.

Nikamwambia kuhusu mnara. Nikamwambia nitaandika barua, nitakwenda mkoani, nitapiga magoti mlangoni kwa afisa yeyote. Aliniacha nimalize.

"Masele," akasema. Hakuniita nkoi. "Wewe siku zote unataka watu waone. Hata hii barua utataka waone."

Nikashika usukani wa baiskeli.

Mtoto wa zamu akagonga kengele, kile kipande cha rimu ya gari kinachoning'inia. Limbu akakusanya madaftari. Nikadhani ataingia tu, lakini alisimama mlangoni, amenipa mgongo.

"Mama Kulwa yuko kwao Kalemela kwenye matanga, anarudi kesho mchana," akasema. Huyo ni mke wake. "Ameshawaambia kwao wote. Mimi siwezi kumwambia. Utakuja umwambie wewe."

Akaingia. Nikamsikia anawaambia watoto wafungue ukurasa wa sehemu, kipeuo hatujakifikia bado. Nilibaki nimeshika baiskeli mpaka akafika mfano wa tatu, halafu nikaona naiba na masomo pia, nikaondoka.

Barua nimeiandika mchana. Sitaibandika humu. Sitamwambia mtu nimeipeleka wapi wala nimejibiwa nini. Sidhani kama itafua dafu, tarehe ni tarehe. Jina la Limbu humu nimelibadilisha, ingawa wa kwetu mtajua; basi mkikutana naye msimpe pole, mwacheni afundishe. Dharau zenu zileteni huku kwangu.

Duka sijalifungua tangu nirudi. Mteja mmoja amegonga, akasema kupitia dirishani, "Injinia, mtandao upo?" Nikamwambia upo. Na kweli upo, leo hakuna malipo, unaruka. Nimemwambia aende kwingine.

Kesho nitakwenda. Namjua Mama Kulwa, kalelewa kwa desturi zetu. Mgeni akiingia uani kwake, hata awe na vumbi la mkaa, anaacha anachofanya, anakuja, anapiga magoti yote mawili ardhini na kumsalimu. Kesho ataniona naingia, mtu aliyemtumia mumewe maombi ya kazi. Atapiga magoti.

Nitaanza kusema kabla hajainuka, au nisubiri ainuke?