Kamba za Kishushe

Wundanyi, 3 Mei 1976

Kwa binti yangu Elsie,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako kifua kimetulia na mahindi yamefika magotini. Natumaini chakula cha huko chuoni hakijakumaliza.

Nakuletea habari ambayo haimo kwenye vitabu vyako. Tangu Mbula achukuliwe na mto mwezi uliopita akitoka kuuza kabeji, watu wamengoja serikali ijenge daraja. Walikuja mabwana watatu wenye suruali zilizopigwa pasi. Wakatazama maji, wakaandika, wakaenda zao. Ndipo kanisa likanikumbuka mimi. Miaka kumi na tisa katika karakana ya reli Voi si mchezo.

Nimepata kamba mbili za chuma, unene nusu inchi, zilizoachwa Kishushe na watafuta madini. Ukingo hadi ukingo ni futi mia moja. Mimi na Makokha, yule Mluhya niliyefanya naye kazi reli, tumezivuta kwa winchi hadi zikanyooka. Katikati zimeinama futi moja na nusu tu. Si kama madaraja ya wavivu, yanayoning'inia mfano wa tumbo la ng'ombe.

Jumamosi tarehe 26 Juni tunafungua. Kwaya nzima, watu arobaini, watasimama katikati waimbe, na mama yako akiwa mstari wa mbele. Ukichoka kuchora mistari, njoo uone kazi.

Ni mimi baba yako,
Zephaniah Mwasaru


Nairobi, 11 Mei 1976

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na mama pia. Mimi sijambo, ila mafua ya baridi ya huku.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani unatania. Katika darasa letu la uhandisi kuna wanaume hamsini na wanane na mimi. Hata yule anayelala kila somo angeliona kosa lako kabla hajafikisha nusu ya ukurasa.

Fanya hivi. Chukua kamba ya katani, uning'inize ndoo ya maji katikati. Makokha ashike upande mmoja, wewe mwingine. Mkisogeleana, kamba ikiinama, mtaibeba bila shida. Sasa rudini nyuma muinyooshe kabisa. Mabega yatawachomoka, na ndoo ni ile ile. Kamba ya daraja nayo ni hivyo. Kadiri unavyoinyoosha, ndivyo inavyovutwa zaidi kwa mzigo uleule.

Watu arobaini ni karibu kilo elfu mbili na mia nne. Kwa ulivyofunga, kila kamba itavutwa kwa tani kumi, mbao bado sijahesabu. Ungeacha iiname futi kumi, ingevutwa kwa tani moja na nusu. Kamba mpya ya unene huo hukatika karibu na tani kumi. Zako ni masalio ya watu.

Nimekuchorea. Mchoro si wa mapambo.

Mwanao,
Elsie


Wundanyi, 20 Mei 1976

Elsie,

Sisi wazima. Mama anashukuru kwa salamu. Mchoro wako amefunikia maziwa.

Nimemsomea Makokha barua yako naye amecheka hadi akakaa chini. Kwa hiyo kamba ikilegea ndiyo ina nguvu! Na suruali ikilegea je? Serikali inalipa watu kukufundisha maneno haya? Mimi nimeinua injini za treni kwa minyororo ulipokuwa bado unatambaa. Hakuna aliyeniletea hesabu. Nilitazama chuma nikajua. Hilo jicho hulipati kwenye kiti, na mtu asiyejua kushika nyundo hawezi kunifunza.

Ukitaka kujua, kamba hizi nazitunza kuliko mtoto. Kila Jumatatu nakuta zimelegea, inchi moja, siku nyingine mbili, ingawa vibano vinavyozishika nimevifunga mwenyewe. Nakaza winchi, zinarudi palepale. Mbao tumeweka zote. Jana nimevuka nikirukaruka katikati, na watu wakapiga makofi.

Ungesoma ualimu kama tulivyokubaliana, sasa ungekuwa unapanga watoto mstari shuleni Wundanyi, huna muda wa kututisha.

Baba yako


Nairobi, 27 Mei 1976

Baba,

Natumaini mmeamka salama. Hatukukubaliana juu ya ualimu. Ulikubaliana peke yako.

Sasa msomee Makokha na sehemu hii, na asikae chini. Kamba zako hazijalegea. Zimerefuka.

Chuma chochote kikivutwa hurefuka kidogo, hata kama jicho lako maarufu halioni. Gawanya mzigo kwa eneo la mkato wa chuma kinachoubeba, hiyo tunaiita mkazo. Urefu ulioongezeka, ukiulinganisha na ule wa mwanzo, tunauita mvutiko. Mkazo ukiwa mdogo, ondoa mzigo na chuma kinarudi kilivyokuwa. Lakini kuna mpaka. Ukiuvuka, hakirudi tena. Hubaki kirefu, na kila mara ukikivuta kinaongeza. Hakilii wala hakipasuki, kwa nje kinang'aa vilevile, mpaka siku kinapoachia. Kila Jumatatu unaikuta kamba imekuonya, nawe unaipiga winchi kwa kiburi.

Utasema ni vibano vinateleza. Vizuri. Paka rangi kwenye kamba, pale inapotokea kibanoni. Jumatatu ukikuta alama imesogea, mimi ni mjinga na nitakuandikia hivyo. Ikiwa palepale na kamba imeinama zaidi, basi chuma chenyewe kimerefuka.

Na kama unatamani sana kuwaonyesha watu ufundi wako, uonyeshe mawe kwanza. Jaza magunia arobaini, kila moja uzito wa mtu, uyapange pale kwaya itakaposimama. Mawe hayana wajane.

Elsie


Nairobi, 14 Juni 1976

Baba,

Nawasalimu. Wiki mbili na nusu hujajibu. Kimya chako nakijua, ulinifanyia hivyo nilipoingia chuo hiki. Nilimwandikia mchungaji, naye amenijibu kwamba binti amheshimu babaye. Sikumuuliza habari ya heshima. Nilimuuliza habari ya kamba.

Mtihani wangu wa mwisho ni tarehe 28. Nisipopata neno kufikia tarehe 22 nitauacha, nipande treni hadi Voi, nije nisimame mlangoni pa daraja lako mbele ya kwaya. Chagua aibu unayoitaka.

Elsie


SIMU YA MAANDISHI
Wundanyi, 21 Juni 1976

KWAYA HAITAPITA. FANYA MTIHANI. BABA


Wundanyi, 30 Juni 1976

Elsie,

Salamu. Tuko wazima wote. Najua unangoja nikusujudie, kwa hiyo kaa vizuri.

Alama ya rangi niliiweka, si kwa sababu yako. Nilikuwa na rangi iliyobaki. Jumatatu ilikuwa palepale, na kamba ilikuwa chini inchi moja na nusu. Ijumaa tarehe 18, asubuhi, nikamwita Makokha tujaze magunia mawe. Tuliyasukuma juu ya mbao kwa vigogo kutoka ukingoni, moja baada ya jingine. Kumi na tano, Makokha akasema, "Huyo msichana wako ni mwoga." Ishirini na tano, mbao zikaanza kuguna. Makokha akataka tuache. Nikamwambia kwaya ni watu arobaini, hawatakuja ishirini na tano. La thelathini na moja ndilo lililomaliza. Kamba ya kushoto ilikatika karibu na winchi na daraja lote likapinduka. Mawe yako mtoni mpaka leo.

Jumapili tarehe 27 niliwaambia watu kanisani kwamba kupima kwa mawe ni desturi yetu reli, na kwamba nilipanga hivyo tangu mwanzo. Walinipigia makofi. Nawe usijivimbishe. Kubeba mawe hakuhitaji chuo kikuu.

Baba yako


Nairobi, 8 Julai 1976

Baba,

Hujambo? Mtihani nimeufanya. Hongera kwa desturi yenu ya reli. Ningekuwa kanisani ningepiga makofi pia, maana si kila siku mtu hupongezwa kwa kuvunja daraja lake mwenyewe.

Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za namna hiyo. Nimezichana. Nilipoirudia barua yako niliona kitu ambacho hasira ilinifanya nisikione. Mwandiko ni wa Shangazi Loise. Ni mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama. Wewe hujawahi kumpa mtu kalamu akuandikie. Hata barua ya kuniambia mimi si mwanao tena uliiandika mwenyewe, ukatoboa karatasi.

Umesema wote wazima. Umesema kamba ilikatika karibu na winchi. Winchi huishika wewe.

Nieleze, Baba.

Elsie


Wundanyi, 2 Agosti 1976

Elsie mwanangu,

Hii ni kwa mkono wa kushoto. Imenichukua siku mbili, usiirudishe na alama nyekundu.

Wa kulia haupo. Kamba ilirudi nao. Daktari alikata juu ya kiwiko. Shangazi yako nilimkataza asiseme mpaka umalize mtihani, kisha nikaona haya, nikaendelea kumkataza.

Najua utakaa huko ukijiuliza kwa nini hukuandika kwamba kamba ikikatika hurudi kwa kasi, tusimame mbali. Hukuandika kwa sababu ulidhani fundi wa miaka kumi na tisa anajua. Nilijua. Makokha nilimsogeza nyuma. Mimi nilibaki karibu kwa sababu mpaka gunia la thelathini nilikuwa bado nakungoja ushindwe.

Jumapili iliyopita nilisimama tena kanisani. Nimewaambia mawe yalikuwa neno la nani. Hawakupiga makofi. Mama yako alitoka nje akalia, kisha akarudi kuimba.

Wamenunua kamba mpya. Makokha ndiye atakayevuta, lakini hataki kuanza, na mimi sitaki aanze. Hizo futi kumi zinapimwa kutoka juu ya nguzo au kutoka usawa wa ukingo? Tumebishana wiki nzima.

Likizo yako inaanza lini?

Baba