Neno "Bode" na Kilio cha Luberizi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na maji ya mto Mulongwe, yameacha kuingia nyumbani? Mwili wangu ni mzima. Naandika kwa mkono na kumpa barua baba mmoja wa kanisa anayerudi Uvira, kwa sababu kwenye simu ningesikia sauti yako nikashindwa kusema.

Najua umesikia kwamba watu wa Luberizi walimlilia mutoto ambaye hajafa. Mama, ni minye, mwanao, nilileta kile kilio.

Kazi yangu hapa hospitalini ni kutafsiri, nasimama kati ya madaktari wanaosema Kiingereza na wakimbizi wenzetu. Mwezi uliopita walimpasua tumbo Furaha, binti wa mama mmoja wa Luberizi. Daktari, mzee sana, alimtazama mtoto akipumua, akasema kupumua kule "bodes no ill". Bode ni neno la zamani, la kutabiri. Hata vijana wa huku hawalitumii. Mimi nililisikia mara moja tu, katika mahubiri ya maangamizi. Nikashika hilo bode, nikashika na "ill" ambayo naijua ni ugonjwa, ni ubaya. Ile "no" ya katikati, yaani hakuna, ilinipita. Ningesema tu, "Daktari, rudia." Lakini nilikuwa na beji shingoni, nikaona haya.

"Mama Furaha," nikamwambia, "daktari anasema dalili ni mbaya."

Akaketi sakafuni. "Iko anakufa? Weye uniambie, iko anakufa?"

"Ndivyo amesema."

Akapiga simu Luberizi. Sote tulisikia wanawake wakianza kulia kule.

"Umemwambia nini?" daktari akaniuliza. Nilipomjibu, alifumba macho. Kisha akanieleza polepole, mbele ya watu wote, kwamba bode haisemwi juu ya mtu anayetabiri. Husemwa juu ya jambo lenyewe, linaloonyesha mapema litakakoishia. Na neno hilo peke yake si zuri wala baya, mpaka usikilize linalofuata. Yeye alisema hakuna ubaya unaokuja.

Nikamgeukia Mama Furaha, nikamwambia ukweli. Hakufurahi kama nilivyotumaini. "Mutoto wangu ulimuua na kinywa," akasema, na akaomba nitolewe chumbani.

Furaha amepona, anakimbia. Mama yake hunipita kanisani bila salamu. Lakini nyanya wa mtoto, kule Luberizi, alianguka siku ile ya kilio, na nasikia mpaka leo hawezi kuinua mkono mmoja.

Mama, nakuomba upande gari uende kwake Luberizi. Mambo ya Kiingereza usimweleze. Mwambie, "Mwanangu alikuwa hajaelewa, akaona haya kuuliza." Akikukaripia, pokea. Usinitetee.

Nisalimie mdogo wangu anayeuza samaki wa ndagala sokoni, na mjomba wa Kamanyola. Watu wakinicheka mtaani, hao wawili wasigombane nao.

Ni mimi, kifungua mimba wako, nikiwa nimeinamisha kichwa,

Amani