Ungo Ukutani, Chungwa Mkobani

Takoma Park, Jumanne, 22 Julai 2008

Joto la leo ni la kumnyamazisha mtu. Nyenje wanalia tangu asubuhi kwenye miti ya nyuma ya jengo letu, hewa ni nzito kama nguo mbichi, nami nimeshinda nusu niko hapa, nusu ndotoni. Nimepanda treni nikiota, nikashuka nikiota. Hata sasa naandika nikiwa nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi na sina hakika kama nimeamka.

Leo nimempigia simu Chepkemoi.

Acha nieleze, maana jambo hili sijawahi kuliandika popote. Chepkemoi anakaa Landover, mimi niko huku Takoma Park, kote Maryland, na sote tunatunza wazee kule Sterling, ng'ambo ya mto Potomac: yeye kwenye nyumba ya wazee, mimi nyumbani kwa mzee mmoja Mhindi. Kwa miaka alikuwa akinipitia asubuhi na gari lake. Yeye ni Mkipsigis wa Kericho. Mimi ni Mkikuyu, ila nimezaliwa na kukulia Molo, kwenye mashamba ya pareto, na ndiko ninakokuita kwetu.

Mwaka wa ile kura ya maoni ya katiba mpya, Kenya nzima ilipogawanyika kati ya Ndizi, alama ya kuikubali, na Chungwa, alama ya kuikataa, kina mama wa kanisa letu la huku ugenini walipiga marufuku matunda hayo mawili kwenye meza ya chakula baada ya ibada. Ukichukua kipande cha ndizi umeshatangaza msimamo, na mwenye chungwa anakutazama vibaya hadi Jumapili ijayo. Tukala tikiti maji mpaka tukalichukia. Lakini sisi wawili tulicheka. Mimi nilikuwa Ndizi, yeye Chungwa. Asubuhi nikifungua mlango wa gari nakuta chungwa kwenye kiti changu, na jioni nikishuka namwachia ndizi juu ya dashibodi.

Januari mwaka huu, ghasia za baada ya uchaguzi zilipowaka kule nyumbani, hakuna aliyecheka.

Nyumba ya mjomba wangu Molo ilichomwa. Kaka yake Chepkemoi alifukuzwa Nakuru na vijana wa kabila langu, akalala vichakani na watoto wake. Tulikuwa barabarani tukienda kazini, kila mmoja na yake kifuani, Chepkemoi akasema kungekuwa na majimbo haya yote yasingetokea. Neno hilo! Yeye akisema majimbo anaona kila eneo likijitawala. Watu wangu wakilisikia wanaona lori la kuwahamisha kwa nguvu limeegeshwa mlangoni na magodoro juu yake. Nikamwambia anishushe. Akanishusha kwenye kituo cha treni, na tangu siku hiyo hatujasemezana.

Kwa hiyo sasa naenda kazini kwa treni, halafu basi. Na treni yenyewe, baada ya kubadilisha mjini, ni ya mstari wa rangi ya chungwa. Chepkemoi angejua angecheka hadi machozi. Miezi yote hii kilichoniuma zaidi ni kukosa wa kumsimulia kichekesho hicho.

Mzee wangu anaitwa Sundaram. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika jimbo moja la kusini mwa India, na tangu ujana wake ni mfuasi wa chama ambacho nje ya jimbo lile hakijulikani. Alama yake ni ungo. Enzi zile, jioni baada ya kusahihisha madaftari, alikuwa akishika ndoo ya rangi na kwenda kuchora ungo kwenye kuta zilizopakwa chokaa, ukuta baada ya ukuta, ili hata asiyejua kusoma aijue alama ya kura yake. Nikimsikiliza huwa namwona mama yangu akipeta maharagwe uani, na pareto nyeupe nyuma yake, na sijui tena niko nchi gani.

Leo bunge la Delhi lilikuwa linapiga kura kama serikali ibaki au ianguke, ugomvi ukiwa mkataba wa nyuklia na nchi hii hii tunayoishi. Tumekaa mbele ya televisheni tangu nilipomaliza kumnywesha chai. Chama kikubwa hakikuwa na wabunge wa kutosha peke yake, kwa hiyo vyama vidogo vya majimbo, kile cha ungo kikiwemo, vilikuwa vikibembelezwa kama bibi harusi. Mzee alifurahi sana. Serikali ilipopona akapiga makofi kwa vidole vyake vilivyopinda.

Ndipo nikamuuliza, na nakiri niliuliza kwa hasira isiyomhusu. Chama cha eneo moja na lugha moja, huo si ukabila?

Hakukasirika. Alisema kwamba alipokuwa kijana, serikali ya Delhi ilitaka lugha ya kaskazini iwe ndiyo lugha ya nchi nzima. "Niliogopa kuwa mgeni ndani ya darasa langu mwenyewe," akaniambia. Watu wakasema vyama kama chake vitaipasua India. Haikupasuka. Wakubwa wa Delhi wamejifunza kupiga simu kusini na kuomba kwa adabu, na watu wa kusini wamejifunza kwamba wana sababu ya kubaki.

Nikaanza kulainika. Lakini mzee yule ni mkweli kupita kiasi, hakuniacha nilainike nikamaliza. Akasema siku moja vijana wa chama walivunja duka la muuza halua aliyetoka kaskazini, naye alikuwa amesimama pale na ndoo yake ya rangi, hakusema neno. "Na kumbe mtu yule alizaliwa mtaa ule ule."

Muuza halua ni mimi. Ni mjomba wangu. Nikamkunjia blanketi ambalo halikuhitaji kukunjwa.

Mchana nikamtoa nje na kiti chake cha magurudumu. Ng'ambo ya barabara kuna yale majengo makubwa ya kompyuta, yasiyo na madirisha, kuta nyeupe ndefu mpaka jicho linachoka. Mzee huwa anazisikitikia. Kuta zote hizi, husema, na hakuna mtu aliyechora kitu! Leo akazitazama, na kwa kuwa nilishamsimulia habari za Chepkemoi, akaniuliza, "Huyo rafiki yako wa gari, yeye angechora nini?"

Tumekaa bega kwa bega miaka yote ile na sijui. Niliposikia majimbo nilishuka kwenye gari, sikuuliza.

Zamu ilipokwisha nikasimama kwenye kituo cha basi, nikampigia. Simu iliita mpaka nikataka kukata.

"Uko wapi?" ndilo neno lake la kwanza.

"Sterling, bus stop ya hapa kwa zile warehouse za computer."

"Ngoja hapo. Na usisimame kwa jua."

Alipofika tulisalimiana kama watu waliokutana benki. Mvua ya radi ikatukuta njiani, magari yote yakawa yanatambaa, na ndani ya kelele ile ya maji nikamuuliza: ukitaka majimbo, unataka nini hasa?

Alijibu bila kunitazama. "Nataka pesa ya chai yetu ya Kericho ijenge hospitali huko kwetu, Ciku. Mamangu akiugua asibebwe mpaka Nairobi kama parcel. Na tusingoje mtu wa Nairobi ajisikie kutukumbuka. Ni hiyo tu."

Nilimwelewa. Kweli nilimwelewa, na nikaona ungo wa mzee kwenye ukuta mweupe, safi kabisa.

"Na mimi nimezaliwa Molo," nikamwambia. "Kwa hayo majimbo yako, mimi naenda wapi?"

Tukavuka mto Potomac, tukaingia Maryland, mvua ikakatika, na bado hakujibu. Tulipofika mbele ya jengo letu akazima gari.

"Sijui," akasema. "Nikisema hiyo maneno, haki ya Mungu sikuwa nafikiria wewe."

"Najua. Ndiyo inaniuma."

Akafuta macho kwa kiganja. Mimi pia nililia, sioni haya kuandika. Kisha nikafungua mlango, na mguu wangu mmoja ulikuwa tayari nje aliposema, "Kesho nikupitie saa ngapi?"

Sijui kama nchi inaweza kuendeshwa hivyo, mtu anauliza na mwenzake anakubali kwamba hajui. India ni kubwa, mimi ni mtu mmoja mwenye miguu kwenye beseni. Bado nataka jibu la swali langu, na nitaliuliza tena.

Lakini kabla ya kupanda ngazi nilipitia duka la kona. Safari hii si ndizi: chungwa, tunda la upande wake, liko ndani ya mkoba wangu wa kazi, limekaa juu ya sare. Kesho asubuhi nitaliweka juu ya dashibodi yake kabla sijafunga mkanda.

Hivi atacheka?